Sura ya Nne: Wamarekani Wanafanya Nini Manda?

Jumapili ya 5 Januari 2020 redio ilitangaza kwamba Wamarekani watatu wameuawa Manda. Siku hiyo nilikuwa Lituhi, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, kando ya mzee aliyekuwa akishona nyavu zake za usipa. Mzee akaacha sindano, akatazama upande wa kaskazini. Kwa mtu wa Lituhi, Manda iko ng'ambo tu ya mto Ruhuhu. Ni mahali pa kwenda kusalimia wakwe.

"Mwanangu, Wamarekani wanafanya nini Manda?"

"Mzee, si Manda yetu. Ni Manda ya Lamu, huko Kenya, pwani ya bahari. Wana kambi pale pamoja na jeshi la Kenya."

"Haya. Na huko Lamu nako wanafanya nini?"

Nilimjibu haraka, jibu ambalo wengi tungelitoa: wanapigana na Al-Shabaab. Akakata uzi kwa meno, akanyamaza kidogo, kisha akauliza maswali mawili ambayo ndiyo yaliyozaa sura hii. Nani aliwatuma? Na huyo aliyewatuma, alisema sababu ni nini?

Kiswahili kina maneno mengi mahali hapa. Chanzo ni kule jambo lilikotoka. Sababu ni ile unayoitoa ukiulizwa. Kisingizio ni sababu isiyo ya kweli, iliyowekwa mbele ili kuficha nyingine. Tukizungumza juu ya vita vya Marekani, vijiweni na hata vyuoni, tunarukia hilo la mwisho: wanataka mafuta, wanataka madini, mengine yote ni kisingizio. Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe, na leo naona nilikuwa mvivu. Mara nyingi sababu wanayoitoa ni ya kweli. Watu waliosemwa wako hatarini walikuwa hatarini kweli. Adui aliyetajwa alikuwepo. Ugumu unaanzia hapo, na ili kuuona si lazima mtu asafiri hadi Washington. Inatosha kuufuata ufuko kuelekea kusini mpaka Liuli.

Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wa bandarini ambao kwa macho yao ulifanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Hapo ndipo meli yao, Hermann von Wissmann, ilipopandishwa nchi kavu kutengenezwa. Fedha za kuinunua zilikusanywa Ujerumani, kwa michango na bahati nasibu, kutoka kwa watu walioambiwa kwamba meli hiyo itakwenda kukomesha biashara ya watumwa. Biashara hiyo haikuwa hadithi ya kutunga. Misafara ililivuka ziwa hili kuelekea Kilwa, na vijiji vya ufuko wote huu viliijua. Aliyenunua tiketi ya bahati nasibu kule Ujerumani hakudanganywa kuhusu machozi ya watu wa hapa. Meli ikaletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, ikaungwa, na katika miaka ya 1890 ikaingia majini.

Ilipoingia majini haikuwa tena mali ya wale waliochanga. Ikawa chombo cha serikali ya kikoloni, na serikali ya kikoloni ilikuwa na kazi zake. Februari 1906, viongozi wa Wangoni walipokuwa wakinyongwa Songea kwa ajili ya vita vya Maji Maji, habari ya kumkomboa mtumwa haikuwa tena ndiyo iliyoendesha mambo. Kisha, 13 Agosti 1914, meli ile ikapigwa mizinga pale pale Liuli ikiwa bado juu ya nchi kavu. Aliyeipiga ni Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Guendolen. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, na bado hajapata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Alipanda mashua kwenda kumkaripia mwenzake kwa upuuzi huo, akakamatwa mateka. Mvuvi wa Liuli aliyesikia mshindo ule alikuwa anashuhudia ugomvi uliozaliwa Ulaya, unapiganwa juu ya chombo kilichonunuliwa kwa jina la mababu zake.

Tangu nilipoielewa habari ya meli hiyo, nimeanza kuzitazama sababu za vita kama vyombo. Chombo huundwa kwa ajili ya shehena fulani, na huenda shehena hiyo ikawa njema kabisa. Lakini kikishaelea, hakingoji ruhusa ya mwenye shehena ya kwanza ndipo kipakie ya pili.

Sasa swali la mzee: nani aliwatuma wale wa Manda?

Kenya iliwakubalia wakae, hilo ni wazi. Lakini kwao Marekani, kibali cha kumpiga adui wanayempiga ng'ambo ya mpaka, Somalia, kinatoka katika sheria iliyopitishwa na Bunge lao siku 3 baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Kiini cha sheria hiyo, kwa Kiingereza, ni maneno 60. Yanamruhusu rais kutumia nguvu dhidi ya wale waliopanga, walioamuru, waliotekeleza au waliosaidia mashambulizi yale, pamoja na waliowapa hifadhi. Katika Baraza la Wawakilishi mbunge mmoja tu, Barbara Lee wa California, alipiga kura ya kukataa. Alihofia kwamba rais anapewa karatasi isiyo na mipaka.

Somalia haimo katika maneno hayo 60. Al-Shabaab haimo pia, wala isingeweza kuwemo, kwa kuwa mwaka 2001 kundi hilo lilikuwa halijazaliwa. Mwaka 2016 serikali ya Obama ilitamka kwamba Al-Shabaab nayo inahesabiwa, kwa ushirika wake na Al-Qaeda. Kwa njia hiyo maneno yaliyoandikwa moshi wa New York ukiwa bado unafuka yalifika Bahari ya Hindi. Askari mmoja na marubani wawili wa kampuni ya kukodiwa wakafa alfajiri moja mahali ambapo, naamini, wengi wa waliopiga kura ile hawakuwahi kupasikia.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kunikatiza hapa, na ana haki. Atanikumbusha kwamba uadui wa Al-Qaeda ulitufikia sisi kabla haujafika New York. Ijumaa ya 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam karibu wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Marekani iliposema ina sababu ya kuwasaka waliofanya hivyo, ilikuwa inazungumza pia juu ya maiti zetu.

Lakini tazama chombo kilivyopakiwa. Siku 13 baadaye makombora ya Marekani yalipiga kambi huko Afghanistan, na mengine yakaangukia kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum. Serikali ya Clinton ilisema inajilinda, ikitaja Ibara ya 51 ya Hati ya Umoja wa Mataifa, na ikasema udongo uliochukuliwa karibu na kiwanda ulikuwa na kemikali ya kutengenezea sumu ya kivita. Kiwanda kile kilitengeneza dawa, za binadamu na za mifugo, zikiwemo za malaria. Madai ya sumu hayakuthibitishwa, na mwaka 1999 Marekani yenyewe ilizifungua akaunti za mwenye kiwanda ilizokuwa imezifunga. Wafu wa Nairobi na Dar es Salaam walikuwa sababu ya kweli. Walipakiwa kwenye safari ambayo hawakuhusika nayo, na ndugu zao hawakuulizwa.

Nikiambiwa nichague siku moja tu ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi mambo haya yanavyokwenda, nitachagua 24 Novemba 1964, na mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani.

Mwaka huo mashariki ya Kongo ilikuwa mikononi mwa waasi waliojiita kwa neno letu, Simba. Walizungumza Kiswahili. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi hazitawadhuru, wakaenda vitani wakiita "Mai Mulele", maji ya Mulele, kwa jina la Pierre Mulele aliyeanzisha uasi wa Kwilu. Mtu aliyekulia mkoa wa Ruvuma hawezi kusoma habari hiyo bila kushtuka, kwa sababu anayo makaburi ya Maji Maji karibu naye. Stanleyville iliangukia mikononi mwao mwanzoni mwa Agosti 1964. Wiki hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, Rais Johnson alilieleza taifa lake juu ya shambulio la pili katika Ghuba ya Tonkin, shambulio ambalo sasa inajulikana halikutokea, na Bunge likampa ruhusa iliyofungua vita ya Vietnam. Meza iliyokuwa ikipokea simu za Kongo ilikuwa na jalada la Vietnam pembeni yake.

Simba waliwashika wazungu waliokuwa mjini, mamia yao, pamoja na konsuli wa Marekani na wasaidizi wake. Walimshika pia daktari mmisionari, Paul Carlson, wakamtuhumu kuwa jasusi. Redio yao ilitoa vitisho. Nasema hivi kwa sababu kwetu huwa tunapapita haraka: mateka wale walikuwa kwenye hatari ya kweli. Na zaidi yao, Wakongo wenzao wenye elimu kidogo au cheo serikalini walikuwa wakiuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Hakuna jina la ukombozi linaloweza kulifunika hilo.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda tume ya Kongo, mwenyekiti wake Jomo Kenyatta. Tarehe 23 Novemba, Nairobi, Kenyatta alimkutanisha balozi wa Marekani, William Attwood, na Thomas Kanza aliyewawakilisha waasi. Wakati wanazungumza, ndege za Marekani aina ya C-130 zilikuwa zimekwisha kutua Kamina, Katanga, zikiwa na askari wa miamvuli wa Ubelgiji, baada ya kupitia kisiwa cha Ascension cha Waingereza. Kulipopambazuka, askari zaidi ya 300 waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville. Mateka walitolewa hotelini na kuketishwa barabarani, risasi zikafyatuliwa, zaidi ya 20 walikufa pale pale. Dakta Carlson aliuawa akijaribu kuukwea ukuta. Katika siku zilizofuata wageni zaidi ya 1,500 waliondolewa kwa ndege.

Marekani na Ubelgiji walisimama mbele ya Baraza la Usalama wakasema lengo lao lilikuwa moja: kuokoa maisha, kwa ruhusa ya Waziri Mkuu Moïse Tshombe. Wabelgiji wakaondoka baada ya siku chache, kama walivyoahidi. Kama mambo yangeishia hapo, ningeandika kwamba ilikuwa operesheni ya uokoaji, tena ya kishujaa. Lakini asubuhi ile ile, saa chache baada ya miamvuli, msafara wa jeshi la Tshombe uliingia mjini kwa barabara, ukiwa na mamluki wa Mike Hoare. Hapo awali marubani Wakuba waliokimbia nchi ya Castro, wakilipwa na shirika la ujasusi la Marekani, walikuwa wakiwapiga Simba kutoka angani kwa niaba ya serikali hiyo. Uokoaji na utekaji wa mji vilipita mlango mmoja. Waliookolewa walihesabiwa wakishuka ndegeni Leopoldville. Wakongo waliouawa mitaani, kwanza na Simba na halafu na hao waliokuja kuwafukuza Simba, hawakupata wa kuwahesabu.

Chanzo kilikuwa kirefu kuliko sababu. Marekani ilikuwa imeitazama Kongo kwa jicho la vita baridi tangu 1960, ilipopanga kumuua Lumumba kwa sumu, jambo ambalo Baraza lao la Seneti lilikuja kulithibitisha mwaka 1975. Kabla ya hapo, urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyoingia katika bomu la Hiroshima. Nchi ya namna hiyo haikuruhusiwa kuponyoka. Hata hivyo sidhani kwamba mtu aliyeamuru ndege zile alikaa akisema, "Tusingizie mateka." Nadhani aliwahurumia mateka kweli, na akaona kwamba huruma yake na maslahi yake yanaelekea upande mmoja. Mtu aliyefika hapo hajisikii kuwa mwongo. Ndiyo maana mjumbe wa Marekani, Adlai Stevenson, alitoka kwenye mjadala wa Baraza la Usalama akiwa amejeruhiwa moyo kwa maneno ya Waafrika. Na ndiyo maana Nyerere, kwa upande wake, aliifananisha operesheni ile na shambulio la Pearl Harbor: mazungumzo mezani, ndege angani. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha kweli. Ila aliyekuwa na ndege ndiye ambaye kipande chake kiligeuka kuwa tendo.

Miezi mitano tu baadaye, Aprili 1965, Marekani ilipeleka askari Jamhuri ya Dominika. Sababu ya kwanza iliyotangazwa: kuokoa Wamarekani walioko hatarini.

Watu wa ufuko huu wana kipimo chao cha kupimia sababu hizi, nacho kiko kusini kwao, ufuko huu huu. Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilianza 25 Septemba 1964. Wareno waliweka kituo cha jeshi lao la majini Metangula, ufuko wa mashariki wa ziwa hili hili, na wakimbizi wakavuka Ruvuma hadi Muhukuru na kwingineko. Kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, alikuwa amefundisha chuo kikuu cha Syracuse, Marekani. Aliijua lugha ya uhuru wanayoisema wao kuliko wengi wao wenyewe. Uhuru ndiyo iliyokuwa sababu ya Vietnam miaka hiyo hiyo. Kule Metangula sababu hiyo haikufika. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, na Marekani ilihitaji kambi ya ndege ya Lajes katika visiwa vya Azores. Sababu ambayo inasafiri maili elfu kadhaa kwenda Saigon ilishindwa kuufikia ufuko ambao mvuvi wa Mbamba Bay huufikia kwa mtumbwi.

Vivyo hivyo Rwanda, ingawa habari yake inaanzia Somalia. Desemba 1992 askari wa Marekani waliteremka Mogadishu usiku, wakimulikwa na kamera za televisheni, kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, ili chakula kiwafikie wenye njaa. Njaa ilikuwepo, na chakula kiliwafikia wengi. Kisha kazi ikawa kumsaka Jenerali Aidid, na Oktoba 1993 wakauawa Wamarekani 18 katika mapigano ya siku mbili yaliyoua pia Wasomali mamia. Wakaondoka Machi 1994. Mwezi uliofuata Watutsi wakaanza kuuawa Rwanda, na maofisa wa Washington wakawa wanalikwepa neno mauaji ya kimbari, kwa kuwa neno hilo lingewadai kitu. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wake Rwanda hadi 270. Wiki moja baadaye, daraja la Rusumo lilipitisha watu wapatao 250,000 kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Watanzania waliokuwa Ngara wiki hiyo waliona sura ya mahali ambapo sababu ya kuokoa ipo tele na hakuna anayeitumia.

Nyerere alituachia mizani ya mambo haya, ingawa aliitumia kwa vita yetu wenyewe. Novemba 1978, baada ya Idi Amin kuivamia Kagera, alitaja vitu vitatu ambavyo kila Mtanzania wa rika langu anavijua kwa moyo: uwezo, sababu na nia. Kwetu sababu ilitangulia. Uwezo tuliutafuta kwa mabasi na malori ya kukusanya, kwa mgambo na kwa mifuko iliyotoboka kwa miaka mingi baadaye. Kwa taifa lenye kambi Djibouti tangu 2002, na makao makuu ya jeshi la kushughulikia Afrika yaliyoko Stuttgart, uwezo umekwisha kukaa tayari. Uwezo ulio tayari huitazama kila sababu kwa jicho jingine.

Lakini nisituvike kanzu nyeupe. Sababu ya kwanza ya vita yetu ilikuwa kumtoa Amin katika ardhi yetu. Ardhi ilirudi, na jeshi likaendelea, Masaka, Entebbe, hadi Kampala 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa Monrovia, Julai mwaka huo, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu kwa kuvuka mpaka. Naamini tulifanya haki, na Waganda wengi walitupokea barabarani. Bado nalazimika kukiri kwamba chombo chetu nacho kilipakia shehena ya pili kikiwa safarini, na kwamba hoja niliyo nayo ya kututetea inafanana kwa sura na zile ninazozipekua katika kurasa hizi.

Mwaka 2022 nilirudi Lituhi. Mzee alikuwa bado na nyavu zake. Nikamsimulia kwamba Desemba 2020 Rais Trump aliamuru askari wapatao 700 waondoke Somalia, na kwamba Mei 2022 Rais Biden ameamuru wengine, chini ya 500, warudi. Sababu ni ile ile, na sheria ni ile ile ya maneno 60. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Wasomali wenyewe, walisemaje?"

Nikamwambia kwamba rais wao mpya, Hassan Sheikh Mohamud, alitoa shukrani.

"Hilo umeliandika?"

Nilikuwa sijaliandika.